Siku Neno "Pamba" Lilipofungwa Bariadi

Ninyi mnaosomea kompyuta mmezoea kuniita Bibi Minara, na mimi sikatai. Nimepanda minara ya mkoa huu wa Simiyu kwa muda mrefu kuliko mwanamke yeyote ninayemjua, ingawa wenzangu wa kike katika kazi hiyo tukikaa kwenye benchi moja bado nafasi inabaki. Jina langu ni Sayi. Nimestaafu, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Sasa nalima mchicha nyuma ya nyumba hapa Bariadi, nafuga kuku, na simu ya mtu yeyote mtaani ikigoma inaletwa kwangu kama mtoto mwenye homa.

Juzi binti mmoja wa chuo alikuja na swali alilopewa darasani. "Bibi, kuna nchi zinazozibana kampuni zao zisiuze nje mitambo ya kuchuja na kufunga mtandao mpaka zipate kibali. Je, kubana huko kunafanya kazi kweli?"

Nikacheka mpaka kuku wakatawanyika. Alidhani namdharau, maskini. Nilikuwa nacheka kwa sababu mtambo wa namna hiyo nimewahi kuishi nao chumba kimoja, nikaufuta vumbi, nikagombana nao. Nilimweleza yaliyotokea, akasahau kuandika. Basi nawaandikia wote, ili asije akalaumiwa peke yake.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mimi nilifundishwa na Mzee Ndaki, fundi wa simu wa zamani aliyekuwa anaishi Malampaka, karibu na stesheni ya treni. Nilifika kwake nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya. Akaniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, waya ukikatika utaanza wapi?" Nikamwambia nitachukua kifaa nipime. Akatikisa kichwa. "Anza na watu. Uliza nani anajenga, nani anachimba choo, nani kahamisha ng'ombe. Waya haujikati." Nimekuja kuzijua mashine nyingi baada ya hapo, na kila moja nilianza na watu wake.

Lakini kiburi hakiishi siku moja. Kuna mwaka nilifunga dishi Lalago wakati wa kiangazi, likawa linaongea na mnara wa Bariadi vizuri kabisa. Nikala kuku wa watu, nikapigiwa makofi, nikaondoka. Mvua zilipoanza, simu zikaanza kulia: intaneti imekufa. Nikaenda, nikabadilisha waya, nikabadilisha redio, nikabadilisha mpaka adapta, hola. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akanitazama weee, kisha akaniambia, "Mayu, mama, ule mgunga ulikuwa hauna majani ulipokuja." Nikainua macho. Kati ya dishi langu na Bariadi palikuwa na mti umevaa majani kama bibi harusi. Mwenye mti alikataa usikatwe, na alikuwa na haki yake. Nikairefusha nguzo mpaka dishi likapita juu ya mti. Basi kijana ukienda kufunga dishi, usiutazame mti ulivyo leo. Utazame utakavyokuwa masika.

Sasa tuje kwenye mtambo.

Nilikuwa fundi mkuu wa kampuni ndogo ya mtu binafsi hapa mjini. Jina lake silitaji, na siku hizi haipo tena kwa jina lile. Tuliuza intaneti kwa ofisi, shule, maduka, viwanda vya kuchambua pamba, na kwenye senta za vijijini ambako watu walinunua vocha za waifai. Waliokuwa na bando la simu walijitegemea, lakini Lalago, Malampaka na senta nyingine wengi walitumia ya kwetu, maana bando lilikuwa linakata katikati ya salamu.

Mwenye kampuni aliitwa Mabula. Tulimwita Mkurugenzi. Mtu mnene, mcheshi, asiyeweza kupita mbele ya kitu kipya bila kukigusa. Ukimpeleka kwenye maonyesho na begi moja, anarudi na matatu. Siku moja alirudi kutoka maonyesho ya mitambo huko Ulaya, macho yanang'aa.

"Sayi," akasema, "nimeona kitu. Unakiweka katikati, intaneti yote inapita tumboni mwake. Kinajua nani anaangalia video, nani anasoma gazeti, nani anafanya nini. Ukitaka kufunga ukurasa, unaandika jina lake tu, kwisha."

"Tunakitaka cha nini?"

"Shule. Wanafunzi wanaangalia video za mpira, mwalimu mkuu hawezi kutuma hata barua pepe."

Hiyo ilikuwa kweli. Lakini namjua Mabula. Akianza kukuna shingo, bado kuna jambo. Nikamsubiri. Akakuna, kisha akasema, "Na kuna mteja mmoja anasumbuliwa na ule ukurasa wa mizani."

Nikajua mara moja. Mteja mwenyewe alikuwa mnunuzi wa pamba, mwenye kiwanda, mkubwa kuliko wateja wetu wote. Na ukurasa wa mizani ulikuwa wa Nkwimba.

Nkwimba ni mkulima wa pamba wa Lalago, tulisoma naye shule ya msingi. Mwanamke mrefu, mwimbaji wa kwaya, asiyepandisha sauti akiongea. Msimu wa pamba ukifunguliwa, yeye na kina mama wenzake walikuwa wanapiga picha mizani ya kila kituo cha kununulia kabla haijawekwa mzigo. Mshale ukiwa kwenye sifuri, wanaandika: leo kituo fulani mizani iko sawa. Mshale ukiwa nyuma ya sifuri, yaani kilo za mkulima zinaliwa, wanaweka picha hiyo hiyo na jina la kituo, basi. Hakuna tusi hata moja. Mkulima anasoma kabla hajapakia viroba vyake kwenye mkokoteni, anajua aende kituo gani. Na vituo vya yule mteja wetu vilikuwa vinapigwa picha mara nyingi kuliko alivyopenda.

Mabula akaagiza. Kumbe huko Ulaya mtambo huo hauuzwi kama sufuria. Muuzaji alitujibu kwamba serikali ya kwao lazima itoe kibali cha kuuza nje, na kabla ya kibali wanauliza: nani atautumia, kwa kazi gani, nani atachagua cha kufunga. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha kuongea kwenye simu, kwa hiyo siku ofisi yao ya vibali ilipopiga, Mabula akaweka simu mezani, akafungua spika, akakaa pembeni yangu.

Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, anayeongea polepole ili nisipotee. Nikamweleza habari za shule na video za mpira. Akashukuru. Kisha akauliza, "Na kurasa za kufungwa, nani ataamua?"

Nikamtazama Mabula. Mabula akatazama dari.

"Mkurugenzi," nikajibu.

"Kwa sheria ipi?"

"Hilo hajaniambia."

"Kuna ukurasa wowote mnaokusudia kuufunga ambao si wa video?"

Mabula akaanza kunipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Lakini nimeulizwa, na mtu aliyeniuliza ameniuliza vizuri. Nikasema, "Ndiyo, upo mmoja. Wa wakulima."

Simu ilipokatika, Mabula alishika kichwa. "Sayi, umeniuza!"

"Uliniambia nijibu maswali."

"Nilikwambia ujibu vizuri!"

"Kwani nimejibu vibaya?"

Tukanyimwa kibali. Barua yao ilikuwa fupi na ya heshima. Mabula alininunia wiki nzima, halafu akasahau kununa, akaanza kunitania: "Fundi wangu anafanya kazi Ulaya." Nami nikadhani yamekwisha. Ningekuwa nimeulizwa lile swali la chuo siku hizo, ningejibu bila kusita: ndiyo, kubana kunafanya kazi, tumebanwa.

Haikupita miezi mingi, basi la kutoka Mwanza likashusha boksi stendi ya Bariadi, limeandikwa kwamba ndani ni kifaa cha kugawa mzigo wa mtandao. Nikalifungua. Stika ilikuwa mpya, ila imebandikwa vibaya, na pembeni yake stika ya zamani ilikuwa inachungulia. Nikaibandua kwa ukucha. Ulikuwa mtambo ule ule tulionyimwa, rangi ile ile, kutoka kiwanda kile kile. Wakala fulani wa nchi ya tatu aliununua kama wa kwake, akaugeuza jina, akatuletea.

"Umefikaje hapa?" nikamuuliza Mabula.

"Kwa basi," akanijibu, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

Basi, mlango ukifungwa, mtambo unapita dirishani. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya jibu, na wengi huishia hapo, wanasema kubana ni kazi bure. Subirini.

Nikamwambia Mabula wazi: "Kuufunga kwenye kabati nitaufunga, na kupunguza video za shule nitapunguza. Ukurasa wa Nkwimba siufungi mimi. Ukitaka, andika mwenyewe."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze. Mnara wa Malampaka nani ataupanda?"

Alitazama kitambi chake. Msidhani sikuogopa. Nilikuwa na watoto chuoni, na kazi za namna yangu mkoani hapa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nilirudi kwenye dawati langu, nikapiga hesabu ya ada nyuma ya bahasha.

Akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, anwani ya ukurasa wa mizani. Kesho yake kwenye waifai yetu yote, kuanzia Bariadi mpaka senta ya mwisho, ukurasa ukawa haupo.

Mtambo kama huo, ukiuwasha, jambo la kwanza unalofanya ni kupiga hodi kiwandani kuomba apdeti. Ukapiga hodi kutoka Bariadi. Huko kiwandani wakatazama namba yake wakashangaa: wewe tulikuuza kwingine kabisa, huko umefuata nini? Baadaye kidogo kukatokea maandishi mekundu kwenye skrini kwamba leseni yake imefutwa. Haukuzima. Ulibaki unafanya kazi, ila kama mlinzi aliyeambiwa hatalipwa tena: yupo getini, anafungua na kufunga, lakini hataki kujifunza jambo lolote jipya. Nikampigia muuzaji. Alikuwa mtu mwema, tulishazoeana kwenye barua pepe. Akaniambia, "Dada Sayi, siruhusiwi kukusaidia hata kwa neno moja. Hata kukuambia ubonyeze wapi ni kosa." Akaniambia niwasalimie watoto, akakata.

Nkwimba akaja ofisini asubuhi moja, amepanda bodaboda kutoka Lalago, kitenge kimejaa vumbi.

"Mwangaluka, Sayi."

"Mwangaluka, Nkwimba. Karibu ukae."

"Sikai. Ukurasa wangu umekwenda wapi? Kwa bando la simu naupata. Nikiingia kwenye waifai yenu, haupo."

Ningeweza kumwambia ni hali ya hewa. Mafundi tuna uongo mwingi wa hali ya hewa. Nikamwambia, "Upo nyuma ya mlango ule. Umefungwa. Aliyeufunga ni Mkurugenzi, na yupo. Twende nikusindikize."

Mabula alipomwona alisimama, akavuta kiti, akaagiza soda. Maskini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumfurahisha aliye mbele yake, na aliyekuwa mbele yake mara nyingi alikuwa yule mteja. "Mama," akasema, "ni matatizo madogo ya kiufundi."

Nkwimba akanigeukia. "Fundi, kuna matatizo ya kiufundi?"

"Hakuna," nikasema.

Nkwimba hakupandisha sauti. "Baba, mimi sikuja kugombana. Wewe ni mtoto wa mkulima, unajua mkokoteni ukishafika kituoni na viroba vimeshashushwa, huwezi kupakia upya ukaondoka. Ule ukurasa unatusaidia kabla ya kushusha. Ni hilo tu." Akaaga, soda akaiacha.

Mchana kutwa Mabula hakuitoa ile soda mezani. Lakini ukurasa hakuufungua.

Kina Nkwimba nao hawakukaa kulia. Kijana wa kanisani kwao aliwahamishia ukurasa kwenye anwani mpya yenye maneno "pamba yetu". Mabula akaifunga. Wakahamia "pamba safi". Akaifunga. Wakahamia "pamba Lalago", kisha "pamba na mizani". Alikuwa anafunga huku anatukana kimoyomoyo, na mimi napita na kikombe changu cha chai namtazama. Mtambo wa namna hiyo ukiwa na leseni yake na mtaalamu wake, unaweza kufundishwa kumtambua mtu hata akibadilisha jina. Wa kwetu ulikuwa umeachwa na walimu wake. Ulijua kulinganisha herufi tu.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akaona kwenye anwani zote kuna neno moja linalojirudia. Akaandika "pamb", akaiacha herufi ya mwisho ili wakiigeuza bado awanase, akaweka alama ya nyota mbele na nyuma, maana yake: funga anwani yoyote yenye herufi hizi popote. Akabonyeza, akajipongeza, akaenda nyumbani.

Ninyi mnajua Kiswahili. Mtambo haukujua.

Asubuhi nilikuta watu mpaka barazani. Wa kwanza walikuwa wapambaji wa kumbi za harusi. Kurasa zao zote za mapambo zimefungwa, na Jumamosi kuna sherehe tatu. Nyuma yao muuza nguo wa sokoni aliyeliita duka lake Pamba Kali. Kisha katekista na mwalimu wa kwaya, wanaulizana kwa nini ukurasa wa mapambio ya kanisa umefungwa, kuna nini kibaya katika kumsifu Mungu. Akaja mwalimu wa sekondari: chama cha wanafunzi cha Mapambano Dhidi ya Malaria hakifunguki. Akaja kijana wa kipindi cha redio cha Pambazuko. Mimi nilikuwa mlangoni nawapokea, nauma mdomo nisicheke, mpaka mwalimu wa kwaya aliponiuliza kwa uchungu, "Dada Sayi, au tumekuwa waasi?" Hapo nilishindwa. Nikacheka, naye akacheka, wote tukacheka, isipokuwa wapambaji waliokuwa na sherehe tatu.

Katikati ya vicheko simu ya Mabula ikalia. Alikuwa mteja wake mkubwa. Tovuti ya kiwanda chake ina neno pamba, barua pepe zake zina neno pamba, na mzigo wake ulikuwa njiani unasubiri maelekezo. Tulimsikia bila spika. Mabula alikuwa amesimama wima, simu iko mbali na sikio, anasema "Ndiyo mzee, ndiyo mzee," jasho linamtoka.

Nikaondoa ile nyota. Hilo nililifanya kwa furaha.

Siku hizo hizo yule mama wa vibali akanipigia tena. Kiwanda kilikuwa kimewaarifu kwamba mtambo umeonekana Bariadi. Nilidhani atakuwa mkali. Sauti ilikuwa ile ile ya upole, ila imechoka. Aliniuliza ulipitia wapi, nikamweleza ninachokijua. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani halikuwa la kazi.

"Niambie ukweli. Tulivyowanyima, ilisaidia chochote?"

Nikafikiri kwanza. "Chuma hamkukizuia," nikamwambia. "Kilikuja kwa basi. Lakini mwalimu wake mlimzuia. Asipokuwepo mwalimu, chuma kimefunga kwaya."

Ilibidi nimweleze mkasa wa pamba na mapambio. Alicheka hadi akakohoa. Nikamwambia pia ukweli uliobaki, ambao hakuupenda: kwamba Mabula ameshaanza kuongea na wauzaji wa nchi nyingine, ambao hawaulizi swali lolote.

Na hao walikuja kweli. Waungwana wawili, wahandisi, wachangamfu, wamebeba mtambo wao wenyewe kama mzigo wa ndege. Hakukuwa na kibali, hakukuwa na mama mpole. Walitaka tu kujua umeme ni wa volti ngapi na samaki wa Lamadi wanapatikana wapi. Walifikia nyumba ya wageni mjini, wakafanya kazi kwa bidii zaidi ya wiki mbili, wakaweka cheti chao cha kidijitali kwenye kompyuta zote za ofisini, hivi kwamba hata mawasiliano yaliyofungwa kwa ufunguo yakawa wazi kwao. Nawaambia kama fundi: walikuwa wazuri sana. Huo mtambo usingechanganya pamba na mapambio. Niliutazama ukiwaka. Nikawaza, safari hii Nkwimba hatahamia popote.

Siku ya majaribio Mabula aliwaita wafanyakazi wote, tukasimama mbele ya skrini kubwa. Mhandisi mmoja akasema kwa furaha, "Hebu tuone mfano. Chagua kompyuta yoyote." Kabla hatujachagua, mwenzake akabonyeza ya kwanza kwenye orodha. Ikafunguka safari nzima ya mtu huyo, wiki mbili, mstari kwa mstari. Kwa kuwa wageni hawakusoma Kiswahili, hawakujua wanatuonyesha nini.

Dawa ya kukoroma. Dawa ya kukoroma kwa tangawizi. Mke kuhamia chumba cha watoto kwa sababu ya kukoroma. Jinsi baba wa bibi harusi anavyocheza. Jinsi ya kucheza kwa mtu mnene. Hatua rahisi za kuingia ukumbini.

Binti wa Mabula alikuwa anaolewa mwezi uliofuata. Mhasibu wetu akainamia viatu vyake. Mimi nilitazama dirishani.

Mabula alisogea karibu na skrini, akasoma yote, pole pole, mpaka chini. Nilidhani atafoka. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Kwa hiyo," akauliza kwa Kiingereza chake, "nikiwa na huu mtambo, nitaona hivi kwa kila mtu?"

"Kila mtu!" mhandisi akajibu, anatabasamu.

"Mchungaji? Mwalimu? Mke wangu?"

"Wote!"

Mabula akageukia kwangu, akaniambia kwa Kisukuma, sauti ya chini, kama mtu aliyemwona nyoka kitandani, kwamba hataki kuyajua haya ya watu. Halafu kwa Kiswahili, ili wote tusikie: "Sayi, zima. Warudishie mtambo wao kwenye boksi lake. Na ule wa kwanza pia, toa."

Wageni walishangaa sana. Tuliwapeleka Lamadi wakala sangara, tukaagana vizuri.

Mteja mkubwa alipojua ukurasa wa mizani umefunguliwa, alihama. Sitawadanganya kwamba alituelewa. Mwaka huo ulikuwa mgumu, tukapunguza mishahara, mimi nikiwemo, na kuna siku Mabula alikaa ofisini akiangalia ukuta. Hakuurudisha mtambo.

Kwa hiyo, vijana wangu, swali la chuo nimelijibu namna hii. Nchi moja ikifunga mlango peke yake, mtambo utazunguka, au utatoka kwa jirani asiyeuliza. Lakini kunyimwa kulituchelewesha, kulitupa chuma bila akili, na kina Nkwimba wakapata nafasi ya kuhamahama na kupumua. Msimu mmoja wa kupumua si kitu kidogo kwa mkulima. Wafungao milango wakikubaliana wote, na wakimbana na mwalimu pamoja na chuma, nadhani itasaidia zaidi. Hayo waulizeni wasomi. Mimi najua upande wa huku, ambako mtambo ukishafika unamkuta mtu mmoja ameshika swichi. Huyo hana ofisi ya vibali ya kumsaidia. Na kati yenu, wengi mtakuja kuwa huyo.

Msimu wa pamba ulipofunguliwa, Mabula alinibeba kwenye gari lake mpaka Lalago. Hakuniambia tunakwenda kufanya nini. Alivaa shati la kawaida, bila tai. Kituoni wakulima walikuwa wamepanga foleni na viroba, na Nkwimba yupo mbele, simu mkononi, anajiandaa kupiga picha mizani tupu.

"Mwadila, mayu," Mabula akamsalimia, ameinama kidogo.

"Mwadila, baba." Nkwimba akamtazama juu mpaka chini. "Umekuja kuuza au kununua?"

"Nimekuja kutazama mshale."

Nkwimba alimshika kiwiko, akamsogeza karibu na mizani, hadi uso wake ukawa sambamba na mshale, akarudi nyuma hatua chache, akapiga picha. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna na kucheka, mtu mmoja akapiga mluzi. Mabula alisimama pale amekaza uso kama mwanafunzi anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kabla hatujawasha gari kurudi, picha ilikuwa tayari kwenye ukurasa. Niliifungua kwa waifai yetu ya senta, ikaja bila kukwama. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Chini yake Nkwimba alikuwa ameandika: "Leo Lalago mizani iko sawa. Ameshuhudia Mabula, mtoto wa mkulima."